Kiko cha Bwana Msa: Rekodi za Riwaya za Mfululizo, Zikihesabiwa kutoka Gede

Nyumba za kale za Gede, mji wa magofu wa pwani ya Kenya, zimepewa majina ya vitu. Ukishapita Msikiti Mkuu na Kasri, vijia vinakupeleka kwenye Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Wenye nyumba hawakuziita hivyo. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba hapa mwaka 1948 na kuendelea kwa miaka kama kumi, ndiye aliyeamua kwamba kitu kilichookotwa ndani kiipe nyumba jina. Uamuzi huo umefanya kazi kuliko namba yoyote. Mtu aliyeletwa hapa na mwalimu wake wa shule ya msingi hurudi na wajukuu, na bado anakumbuka kwamba kulikuwa na nyumba ya mkasi.

Naipenda mbinu hiyo kwa sababu inagusa fani ninayoipenda kuliko zote: riwaya za mfululizo, zile ambazo unamkuta mtu yuleyule kitabu hadi kitabu huku miaka ikipita. Kuandika riwaya moja ni kazi. Kuandika saba zisizopingana ni kazi ya namna nyingine, maana msomaji wa kitabu cha saba amebeba sita kichwani, na ana haki ya kudai kwamba jina la mke, kovu la shavuni na njia ya kwenda kisimani viwe palepale alipoviacha.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna jambo letu zaidi ya hilo: vitabu havitufikii kwa mpangilio. Cha tatu unakikuta kwa muuza vitabu vya mitumba, cha kwanza kimeazimwa hakijarudi, cha tano kimeadimika tangu mchapishaji wake afunge milango. Mwandishi wa mfululizo kwetu anamwandikia mtu anayeingilia katikati. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, rekodi za mfululizo katika Kiswahili zinashikiliwa na waandishi waliochagua mambo machache wakayashika bila kuyaachia. Nimezikusanya hapa, pamoja na chache za mbali. Nyingine zinapimwa kwa miaka. Nyingine ni hukumu yangu, na niko tayari kuitetea.

Mpelelezi aliyetangulia

Hapa hakuna ubishi mkubwa. Muhammed Said Abdulla ndiye anayehesabiwa mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, na Bwana Msa ndiye mpelelezi wetu wa kwanza aliyerudi tena na tena. Mwandishi alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya bwana afya, kisha mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*. Tangu 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alihariri *Mkulima*, jarida la kilimo. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda mashindano ya uandishi yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960.

Kisha kimya cha miaka minane. *Kisima cha Giningi* kikatoka mwaka 1968. Halafu zikaja mbio ambazo sijaziona tena kwa mpelelezi mwingine wa Kiswahili wa zama zile: *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976. Kila mwaka kitabu. Kikafuata kimya kingine cha miaka minane, na mwaka 1984 *Kosa la Bwana Msa* kikafunga hesabu. Vitabu saba, miaka 24.

Alishika nini muda wote huo? Kiko. Utulivu wa mtu anayesikiliza kuliko anavyosema. Najum, sahibu anayeuliza maswali ambayo msomaji angeyauliza, na anayekosea pale ambapo msomaji angekosea. Ofisa wa polisi anayeheshimu akili kuliko cheo. Na mahali: Unguja ya mashamba, ya barazani, ya familia zenye mali na siri za urithi. Ukifungua kitabu chochote kati ya saba, ukurasa wowote, huhitaji kuambiwa uko wapi. Msomaji aliyeanza na cha nne hajapungukiwa na kitu. Nadhani kazi ya bwana afya ilimfaa sana: ni kazi ya kuingia nyumba za watu, kutazama visima na vyoo vyao, na kujua nani anaishi na nani. Mtu wa namna hiyo hasahau mlango uko upande gani.

Ila kuna bei aliyolipa, na wahakiki wamemlaumu kwa hilo. Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza maisha ya Unguja juu chini, lakini ulimwengu wa Bwana Msa ulibaki ule wa kabla yake, hata katika vitabu vilivyotoka miaka kumi na zaidi baadaye. Mimi naona pande zote mbili. Kuganda kwa wakati kuliupa mfululizo uimara wake. Hakuna umri wa kukokotoa, hakuna cheo kilichofutwa, hakuna shamba lililogawanywa upya. Lakini pia kulimnyima Bwana Msa kesi ambayo ingekuwa kubwa kuliko zote. Anayepanga mfululizo lazima aamue mapema kama wahusika wake wataishi ndani ya kalenda au nje yake, na akishaamua, asitangetange. Abdulla aliamua, hakutangatanga.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: vitabu hivyo saba havikutolewa na mchapishaji mmoja. Hakukuwa na mhariri mmoja wa kukumbuka nani ni nani. Kumbukumbu yote ya mfululizo ilikaa kwa mwandishi mwenyewe.

Hapa Gede kitabu cha kwanza kina msomaji wa pekee. Kisa chake kinauzunguka mzimu, mahali panapoogopwa kwa sababu ya waliotangulia. Magofu yetu nayo yana sifa hiyo. Wapo wazee wa Kigiriama wanaoyaheshimu kama makao ya watu wa kale, wanaosema kwamba anayeharibu kitu pale hatoki salama. Mtoto wa Gede akisoma jina la kitabu kile haanzi kujiuliza mzimu ni nini.

Aliyesafiri mbali zaidi

Willy Gamba wa Elvis Musiba, bila shaka. Katika *Kufa na Kupona*, kilichotoka mwaka 1974, nyaraka za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika zimeibwa Dar es Salaam, na Willy anazifuata Nairobi. *Kikosi cha Kisasi*, cha mwaka 1979, kinampeleka Kinshasa. *Uchu*, kilichotoka mwaka 2000, kinagusa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hiyo ni robo karne ya mtu mmoja kukimbizana na maadui katika bara zima.

Musiba alifanya kinyume cha Abdulla. Aliufungua mfululizo wake kwa historia na kuiacha iingie: makaburu, vita vya ukombozi, na hatimaye maafa ya majirani zetu. Kilichobaki palepale ni dhamira ya Willy. Anaipigania Afrika na hahitaji tena sababu. Msomaji anaweza kuhoji umri wake; jasusi shababi wa mwaka 1974 angestahili kuwa na mvi katika kitabu cha mwaka 2000. Sijamsikia shabiki hata mmoja wa Willy akilizungumzia hilo. Wanazungumzia magari, nguo, na jinsi anavyoingia hotelini. Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, alikwepa mitego ya namna hiyo vizuri kupitia mpelelezi wake Joram Kiango: Joram hana mwajiri wala cheo cha kupandishwa, hivyo hakuna mkubwa wa kazi ambaye mwandishi atamsahau jina katika kitabu kinachofuata.

Kosa maarufu kuliko yote

Jeraha la Dakta Watson, sahibu wa mpelelezi Sherlock Holmes. Katika *A Study in Scarlet*, cha mwaka 1887, Arthur Conan Doyle alisema Watson alipigwa risasi begani huko Afghanistan. Katika *The Sign of Four*, cha mwaka 1890, jeraha liko mguuni. Mwaka uliofuata, katika hadithi fupi moja, mke wa Watson anamwita mumewe James, ilhali jina lake ni John. Wasomaji wamekuwa wakitunga maelezo ya kuyaokoa makosa hayo kwa zaidi ya miaka mia moja, na ukiwasikia utafikiri wanamtetea ndugu yao mahakamani.

Nalitaja kosa hili kwa waandishi chipukizi wanaoogopa. Bega likihama, msomaji atakusamehe. Angalia hata hivyo ni nini hakikuhama: Holmes hakuamka siku moja akawa mpole, wala hakuacha kumdharau mtu mvivu wa fikra. Kosa la tabia halina msamaha. Mhusika aliyekataa rushwa katika kitabu cha kwanza akiipokea katika cha tatu bila chochote kumsukuma, msomaji anaweka kitabu chini, na hakichukui tena.

Mwanafunzi asiyemaliza shule

Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi Uganda na Kenya, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 akamtoa Moses, mtoto mtundu wa shule ya bweni. Vitabu vya Moses vilifuatana kwa miaka mingi na Moses hakumaliza shule. Vizazi vya watoto wa Kenya na Uganda vilimkuta darasani, vikamwacha darasani, vikaenda kuoa na kuolewa. Kabla ya hapo Kimenye alikuwa ameshajaribu aina nyingine ya mfululizo: *Kalasanda* mwaka 1965 na *Kalasanda Revisited* mwaka 1966, ambavyo mhusika wake mkuu ni kijiji kizima cha Buganda. Nawashauri wanaotaka kuandika juu ya Gede wavitafute. Kijiji hakizeeki kama mtu, na kila nyumba inaweza kupata zamu yake.

Wapangaji wakubwa wa mbali

Émile Zola wa Ufaransa alipanga vitabu 10 juu ya ukoo mmoja, Rougon na Macquart. Alimaliza vitabu 20, kati ya mwaka 1871 na 1893. Alichora mti wa ukoo kabla ya kuanza na akawa anaurekebisha njiani, na katika kitabu cha mwisho akamweka daktari wa ukoo huo akihifadhi mti wenyewe kabatini. Huo ndio mpango uliokua mara mbili bila kupasuka, na siri yake ni kwamba Zola alipanga watu, hakupanga visa. Ukijua nani ni mtoto wa nani na nani alirithi ulevi wa nani, visa vinazaliwa vyenyewe.

Georges Simenon, aliyeandika riwaya 75 za mpelelezi Maigret kati ya mwaka 1931 na 1972, aliandaa kila kitabu kwa bahasha moja ya rangi ya manjano: majina, umri, anwani, nambari za simu za wahusika. Bahasha tu. Na Agatha Christie anashikilia rekodi ya ajabu ya kitabu cha mwisho kilichoandikwa mapema: *Curtain*, kifo cha mpelelezi wake Poirot, kiliandikwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kikafungiwa, kikatolewa mwaka 1975. Aliujua mwisho kwa zaidi ya miaka 30 huku akiendelea kuandika vitabu vya katikati. Ila alikuwa amejifunga mwanzoni: Poirot alitokea mwaka 1920 akiwa polisi aliyekwisha kustaafu, kwa hiyo ukimhesabia miaka kwa kalenda alikufa na zaidi ya mia.

Tatu mara tatu

Nuruddin Farah wa Somalia, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, ana trilojia tatu, yaani seti za vitabu vitatuvitatu. Ya kwanza, juu ya udikteta, ilianza na *Sweet and Sour Milk* mwaka 1979 na kumalizika mwaka 1983. Ya pili ilianza na *Maps* mwaka 1986 ikafika *Secrets* mwaka 1998. Ya tatu ilihitimishwa na *Crossbones* mwaka 2011. Vitabu tisa, vya nchi moja, na sehemu kubwa ya vile sita vya kwanza iliandikwa wakati mwandishi yuko uhamishoni, hawezi kukanyaga Mogadishu. Alirudi kwa mara ya kwanza mwaka 1996, baada ya miaka zaidi ya 20.

Mtu anayeishi Gede akitaka kujua kutoka lango la kusini la magofu hadi msikiti kuna mwendo gani, atatoka na kutembea. Farah hakuwa na nafasi hiyo. Mji wake ulibaki kumbukumbuni, na wakati huohuo mji halisi ulikuwa unabomolewa. Wasomaji wanaofuata trilojia hizo kwa mpangilio watauona mji ukibadilika kutoka mji wa hofu ya serikali hadi mji usio na serikali, na bado ni mji mmoja. Kwangu hiyo ndiyo kazi nzito kuliko zote zilizotajwa katika orodha hii.

Pengo refu, na jozi nyembamba

Abdulrazak Gurnah alitoa *Paradise* mwaka 1994. Kijana Yusuf anaishia akikimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Mwaka 2020 ikatoka *Afterlives*, na ndani yake kuna Hamza, kijana aliyejiunga na askari hao na aliyerudi kutoka vitani. Majina si yaleyale wala Gurnah hakuviandika kama sehemu ya kwanza na ya pili, lakini wasomaji wengi huvisoma kwa pamoja, nami ni mmoja wao. Pengo ni la miaka 26. Msomaji wa Kiswahili sasa anaweza kuanza safari hiyo kwa lugha yake, kwa kuwa *Paradise* ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina *Peponi* mwaka 2022.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe anashika upande wa pili. *Nagona* ya mwaka 1990 na *Mzingile* ya mwaka 1991 ni vitabu vyembamba vinavyoweza kutoshea pamoja mfukoni mwa koti, na ni jozi ngumu kuliko jozi yoyote ya Kiswahili. Hapa ulinganifu haukai kwenye majina wala tarehe. Uko kwenye maswali: msafiri yuleyule wa fikra, njia zilezile zinazozunguka na kurudi. Wanafunzi hulalamika. Nawaelewa, na nawasihi wavisome tena.

Iliyo karibu na nyumbani

Kutoka Gede hadi Kilifi si mbali, na Kilifi ndiko kwenye Chuo Kikuu cha Pwani, alikofundisha Rocha Chimerah. Mwaka 2000 yeye na Kimani Njogu walipata Tuzo ya Noma kwa *Ufundishaji wa Fasihi*. Kwa orodha hii namtaja kwa kazi nyingine: *Siri Sirini*, riwaya ya juzuu tatu inayorudi kwenye historia ya pwani. Mtaalamu wa fasihi aliyewafundisha wengine jinsi ya kuchambua riwaya alikaa chini akaandika ndefu kuliko wengi wa wale aliowachambua. Naiweka kama rekodi ya mfululizo mkubwa wa kihistoria uliotoka mikononi mwa mtu wa kaunti yetu. Kabla yake alikuwapo Katama Mkangi, mtoto mwingine wa Kilifi, ambaye *Mafuta* yake ya mwaka 1984 na *Walenisi* ya mwaka 1995 si mfululizo rasmi, lakini hasira inayoziendesha ni moja, na anayesoma ya pili baada ya ya kwanza anasikia sauti ileile ikiwa imekomaa.

Kalenda ngumu kuliko zote

Rekodi hii naipa pwani yenyewe. Mwandishi wa Paris alikuwa na miezi 12 ya kuangalia. Mwandishi wa hapa ana kalenda nne zinazokwenda kwa kasi tofauti, na kitabu cha tano kitamnasa.

Kwanza pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili. Vyombo vya Arabuni na Bara Hindi huja na kaskazi, huondoka na kusi. Vasco da Gama aliondoka Malindi Aprili 1498, akafika Calicut Mei, kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka na alikuwa na rubani anayeujua. Riwaya inayomleta mfanyabiashara wa Shiraz mwezi Julai imeshaharibika, hata kama sentensi zake ni tamu.

Pili Hijria. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Kama katika kitabu cha kwanza watu wanafunga huku majahazi yakiingia, basi katika kitabu cha pili, kinachotokea miaka 12 baadaye, Ramadhani imesogea zaidi ya miezi minne, na majahazi hayapo. Nimeliona kosa hili katika miswada mizuri ya vijana. Halionekani ndani ya kitabu kimoja. Mfululizo ndio unaolifichua.

Tatu maji. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu; maji mafu huja katikati. Mtu akivuka mkono wa Mida kwa miguu usiku wa mbalamwezi kamili katika juzuu ya kwanza, asije akavuka hivyohivyo usiku wa nusu mwezi katika juzuu ya tatu.

Nne watu. Hii ndiyo ninayoiogopa. Katika riwaya za Kizungu jamaa wote wa makamo wanaweza kuitwa kwa neno moja. Kwetu kuna mjomba na kuna ami, kuna shangazi na kuna mama mdogo, na kila jina lina haki na wajibu wake: nani anaulizwa posa, nani anasimamia mirathi, nani anataniwa na nani hataniwi kabisa. Ukimwita mtu mjomba katika kitabu cha kwanza, umeshaamua ukoo wa mama wa shujaa wako hadi kitabu cha mwisho. Na pale ambapo Mswahili wa mjini na Mgiriama wa bara wameoana, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Gede na Malindi, kuna hesabu mbili za ujamaa mezani. Chora mti kama Zola, ila andika kwenye kila tawi nani anamwitaje nani.

Fedha nazo zina mitego yake. Rupia iliondolewa Kenya mwaka 1920, florini ikakaa muda mfupi mno, kisha shilingi ikaingia. Familia inayopitia miaka hiyo lazima ibadilishe lugha ya sokoni kati ya sura moja na nyingine.

Rekodi isiyo na mwenyewe

Mfululizo wa Gede yenyewe bado haujaandikwa, na sijui mji mwingine wa pwani unaomfaa mwandishi wa mfululizo kuliko huu. Ukuta wa nje unazunguka ekari kama 45. Ulikuwa na misikiti, visima, makaburi ya mnara na nyumba zilizoshikana. Wareno walikaa Malindi, kilomita kama 15 tu kutoka hapa, na bado mji huu haumo katika maandishi yao kwa jina la Gede. Mwanzoni mwa karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Kupungua kwa maji visimani, mashambulizi kutoka bara, biashara kuhamia Mombasa baada ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593: kila sababu ina watetezi wake. Mnamo 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na sasa wageni wanazidi, wakiuliza maswali ambayo ni riwaya tu inayoweza kuyajibu.

Vigingi vya kufungia kamba vipo. Kaburi lenye tarehe limeandikwa 802 Hijria, sawa na mwaka 1399 Miladia: kitabu cha kwanza kinaweza kuanza kwenye maziko hayo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China, kwa hiyo sarafu na bakuli za Kichina katika kitabu cha pili zina maelezo yake. Mwaka 1498 kuna meli za ajabu bandarini Malindi, na mtu wa mji wetu lazima awe alizisikia. Kisha kuhama. Kisha msitu, karne tatu za mizizi kwenye kuta, ambazo ni jaribio kubwa: jinsi ya kuandika juzuu isiyo na mkazi. Kisha mgeni aitwaye John Kirk anayepita mwaka 1884, na Kirkman na vijana wa kazi mwaka 1948, wakichimbua vitu ambavyo msomaji amekwisha kuviona mikononi mwa wenyewe.

Mwandishi huyo hahitaji kabati la madaftari. Anahitaji mti wa ukoo wenye majina ya kuitana, jedwali la miezi ya Hijria kando ya pepo, ramani ya milango na visima, na kitu kimoja kwa kila nyumba. Na anahitaji kuamua juu ya jina la mji kabla ya sentensi ya kwanza, kwa maana Gede ni jina lililokuja baadaye, kutoka kwa Waoromo, na watu wa mwaka 1399 hawawezi kulitamka. Watafiti wengine wamependekeza Kilimani kuwa jina la zamani. Mimi ningelichukua hilo kwa juzuu zote za mwanzo, na ningemwacha mtu wa kwanza kusema Gede atokee katika kitabu cha nne, mchungaji aliyefika na ng'ombe wake akakuta visima vimekauka na milango haina wenyewe.